Kisanduku cha Pili

Ingia, Tapio. Kung'uta theluji viatuni.
Kahawa iko jikoni, kikombe chako ni kile chenye ufa.
Najua ulichokuja nacho:
swali lile lile, visanduku vile vile vitano,
nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, mbaya mno.
Kwa jumla, bibi Aune, unaionaje afya yako?

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka sitini na saba.
Ulikuja na nywele nyingi, tai imekukaba,
nikakujibu: mbaya.
Goti! Goti la kulia lililia kama bawaba
nikipanda ngazi za ghalani. Basi, hilo tu.
Kuni za msimu wote nilizipasua mwenyewe,
na kwenye sauna nilikaa ubao wa juu kabisa,
kule mvuke unakouma masikio.
Nikasema mbaya, na wala sikudanganya.
Nilijipima na mwanamke wa miaka arobaini
aliyekuwa bado akivaa nguo zangu.

Miaka mitatu baadaye: ya wastani.
Presha ilikuwa imehamia, na vidonge vyake viwili.
Mitatu tena, na Veikko hayupo.
Sikumbuki nilijaza nini, karatasi unayo wewe.
Nadhani niliweka alama pale kalamu ilipoangukia.
Yeye alijaza "nzuri sana" mwezi wa Septemba,
kwa mkono wake ule wa kuinamia kushoto,
na Oktoba tukamzika.
Huko ofisini kwenu mliihesabuje hiyo?

Sasa themanini na nane.
Goti la kulia ni la chuma, halilii,
la kushoto limerithi kilio.
Sikio moja limefunga duka.
Jicho hili lina doa katikati:
masikio yako nayaona, pua siioni.
Vidonge nimevipanga kwenye kasha la siku saba,
cha Jumapili kina rangi ya waridi, nakipenda.
Kwenye sauna nakaa ubao wa chini, karibu na ndoo,
mvuke ukinifikia umeshapoa hasira.

Nawe unaniuliza.
Andika: nzuri.

Usinitazame hivyo.
Daktari kijana kule kliniki naye alinitazama hivyo,
akageuza faili kana kwamba ukweli umeandikwa nyuma.

Yule wa arobaini alihama, hakuaga.
Wala usidhani najipima na dada yangu Lempi,
aliye nyumba ya wazee, anayeniita mama.
Hilo nililifanya nilipokuwa na themanini,
nikarudi nyumbani nimefurahi,
nikaona haya mpaka usingizi ukanikataa.

Leo asubuhi nimevaa soksi zote mbili
bila kumwita Mungu.
Jana nilivaa moja, nikapumzika,
nikasikiliza taarifa ya habari mpaka hali ya hewa,
ndipo nikavaa ya pili.

Zamani nikisema mimi mzima
nilimaanisha mzima kama sahani:
sina ufa, sijamegeka.
Neno limemegeka nami, pembe moja moja,
limebaki na maana ndogo, ya kushika kiganjani:
nimo.

Labda nadanganya.
Saa tisa usiku, moyo ukigonga mbavu
kama mtu aliyesahau ufunguo,
jibu langu ni jingine kabisa.
Lakini wewe huji saa tisa usiku, Tapio.
Unakuja mchana, kahawa ikiwa moto,
na mchana nao ni sehemu ya afya yangu.

Kwa hiyo weka alama kisanduku cha pili.
Kwa wino, si kwa penseli.
Na miaka mitatu ijayo ukinikosa
usinitie kwenye mbaya mno.
Acha pawe peupe,
kama ua wangu ulivyokuwa leo alfajiri
kabla hujaukanyaga kwa viatu vyako.

Haya, kunywa. Inapoa.